Mzunguko wa Pugu na Kisarawe kwa Baiskeli

Mkazi wa Dar es Salaam akikwambia jiji hili halina mlima, jua hajawahi kwenda Kisarawe kwa baiskeli. Kwa daladala Pugu ni jina la kituo tu. Unasinzia Gongo la Mboto, unashtuliwa na konda anayeita Kajiungeni, na katikati hapo injini imenguruma ikabadili gia bila wewe kuulizwa lolote. Kwa baiskeli gia ni zako, na pumzi ni zako. Vilima vyenyewe si virefu, vinafika mita 300 na kidogo juu ya usawa wa bahari, lakini kila mita kati ya hizo utailipia.

Njia ninayoipenda ni hii: naanzia Buguruni, nashika Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, napanda Pugu, nafika Kisarawe, kisha naingia msitu wa Kazimzumbwi na kutokea upande wa Chanika. Kutoka Chanika narudi Pugu Kajiungeni na kuteremka mjini. Ni kama kilomita sabini hivi, zaidi kidogo ukipotea msituni, na kupotea utapotea. Kadiri ninavyoizoea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ule mwinuko ndio uliopanga karibu kila kilichotokea huko juu: reli ilivyojikunja, wamisionari walikojenga, mwalimu mmoja alivyohangaika na siasa zake za mwisho wa wiki, mto unaotusumbua Jangwani, hata mkaa unaoivisha maharage ya Kariakoo. Ukiwa ndani ya gari huoni uhusiano huo. Miguu ndiyo inayoung'amua.

Sehemu ya mjini haina la kusimulia sana. Uondoke gizagiza, taa ya nyuma iwake, na Tazara upite kabla malori hayajaamka. Uwanja wa ndege, Banana, Ukonga, Mombasa (ndiyo, Ukonga ina Mombasa yake), kisha Gongo la Mboto, ambako hata alfajiri bodaboda wameshajipanga kama wanangoja filimbi ya mwamuzi. Barabara yote hiyo ni tambarare, na mwendesha baiskeli mgeni hupata kiburi hapo. Anaona spidi yake, anadhani ni nguvu zake.

Kabla ya kupanda, nina neno kuhusu reli. Jiji hili lina reli za aina tatu zenye upana wa aina tatu, na zote zimelazimika kujadiliana na vilima hivi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, na inakatiza wilaya ya Kisarawe upande wa kusini ikielekea Zambia. SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Treni haipendi mlima. Kilima ambacho baiskeli inakilalamikia, kwa treni ya zamani kilikuwa ukuta: magurudumu ya chuma juu ya chuma yanateleza. Ndiyo maana Reli ya Kati inapofika huku inaanza kupinda na kufuata mabonde, ilhali SGR, yenye umeme na mashine za kuchimba za zama hizi, inakata kilima na kujaza bonde ili inyooke. Simama juu ya kingo za barabara pale Pugu utazame reli hizi mbili zinavyojibu swali lile lile. Kama wewe si mtu wa reli, mwenzako atakusubiri mbele. Wa kwangu husubiri, ila husubiri akinung'unika.

Mlima wenyewe unaanza bila kujitangaza. Unadhani upepo umegeuka, au tairi limepungua upepo, unainama kuangalia. Tairi ni zima. Ndipo unapoteremsha gia, moja, mbili, cheni inahamia kwenye meno madogo ya mbele, na mazungumzo na mwenzako yanakatika katikati ya sentensi. Ushauri wangu kwa kilima hiki ni mmoja tu: anza polepole kuliko unavyoona aibu. Anayekipanda kwa hasira utamkuta amekaa kwenye kivuli cha mwembe kabla ya nusu.

Na hapo hapo, wewe unapotweta, ndipo wanapoteremka wababe wa barabara hii. Wabeba mkaa. Baiskeli zao ni zile nzito za chuma, zisizo na gia hata moja, fremu imeongezewa vyuma, na nyuma yamesimamishwa magunia mawili au matatu ya mkaa yaliyofungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, yamempita mwendeshaji kwa kimo. Wametoka vijijini usiku ili wafike mjini kabla ya jua na kabla ya maswali. Breki za kawaida haziwezi mzigo ule kwenye mteremko, basi wengine wanabana tairi kwa kandambili. Nimewahi kusimama kumpisha mmoja aliyekuwa anakokota baiskeli yake kwa miguu, tukasalimiana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na mizigo midogo hivyo?"

"Tunazunguka tu, mzee. Kisarawe, halafu msituni."

Alitutazama, akazitazama kofia zetu ngumu na chupa za maji, akasema, "Haya. Mazoezi mazuri hayo," kwa sauti ya mtu anayempongeza mtoto kwa kufunga kamba za viatu. Sikuwa na la kujibu. Yule anajua mlima ule kwa uzito wa gunia, na kila nikijisikia nimeimarika miguu humkumbuka nikatulia.

Pugu penyewe, juu ya kilima, kuna misheni, shule, makaburi, miembe mikubwa, na ukimya wa ajabu kwa mahali palipo karibu hivyo na uwanja wa ndege. Leo Wakatoliki wanapafahamu zaidi kama kituo cha hija. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika hapa mwaka 1888. Kwa nini hapa, wakati bandari na watu wako kule chini? Jibu lipo kwenye jasho linalokauka mgongoni ukifika juu: kuna hewa. Enzi hizo hakuna daktari aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Ronald Ross aliligundua hilo mwaka 1897. Wazungu waliamini homa inatokana na hewa mbaya ya mabondeni na mikokoni, basi wakaukimbilia mwinuko. Sababu yao ilikuwa na kasoro, ila hawakukosea sana mahali.

Hawakudumu. Mwaka 1888 pwani yote ilikuwa imewaka moto kwa upinzani dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutawala, kiongozi wake mashuhuri akiwa Abushiri bin Salim wa Pangani. Januari 1889 wapiganaji walipanda kilima hiki wakaishambulia misheni. Watawa watatu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye kukombolewa kwa fedha. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule ule. Ukiwa pale juu unaelewa kitu ambacho maandishi hayakisemi kwa uwazi: kutoka hapa msaada ulikuwa mbali. Wewe umefika kwa lami, baiskeli ya gia na chupa mbili za maji, na bado umechoka. Hesabu mwenyewe mtu wa mwaka 1889 anayetaka kupeleka habari mjini kwa miguu.

Halafu kuna shule. Mwaka 1953 kijana mmoja wa Kizanaki aliyekuwa ametoka kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh aliajiriwa kufundisha hapa, wakati huo ikiitwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Aprili mwaka huo huo akachaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, mjini Dar es Salaam, kwenye ofisi ndogo ya mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Machi 1955 alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo akaacha kazi ya ualimu, kwa kuwa mambo mawili hayakuweza tena kukaa pamoja. Jina la Mwalimu likabaki naye hadi mwisho.

Haya yote tumeyasoma darasa la tano. Lakini yapime kwa baiskeli. Kati ya Pugu na Kariakoo kuna kilomita ishirini na kitu, na wazee husimulia kwamba kuna nyakati alizikata kwa miguu. Kwenda kwenye mikutano ilikuwa kuteremka. Kurudi kufundisha ilikuwa kupanda. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kupandisha kilima hiki Jumapili jioni akiwa na kazi Jumatatu asubuhi atakubaliana nami kwamba barua ya kuacha kazi ilianza kuandikika miguuni kabla haijafika kwenye karatasi. Mwenzangu anasema huo ni uzushi wa mtu aliyekosa maji. Labda. Ila kila nikiipita shule ile nahesabu umbali kwa namna hiyo, na historia inakuwa na uzito ambao daftari halikunipa.

Kutoka Pugu kwenda Kisarawe barabara inapanda, inashuka, inapanda tena, na pembeni msitu unaanza kuchungulia. Njiani kuna njia ya kwenda Minaki, shule nyingine ya kilimani, iliyoanzishwa na Waanglikana baada ya kuhamisha chuo chao kutoka Kiungani, Unguja. Wakatoliki kilima kimoja, Waanglikana kilima jirani, na Walutheri nao walikuwa na kituo chao Kisarawe tangu zama za Mjerumani. Ukitazama ramani utadhani madhehebu yaligawana vilima kwa kura.

Lakini kabla yao wote palikuwa na Wazaramo, na nchi hii ni yao. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Uzaramo, chimbuko la ghadhabu lilikuwa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Kibasila, jumbe wa huku aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa. Watoto wa Temeke wanasoma shule yenye jina lake, na sidhani wengi wanajua kwamba alitoka upande huu, nyuma ya vilima wanavyoviona kila mawingu yakiondoka.

Kisarawe mjini ndipo pa kunywa chai. Ni makao makuu ya wilaya, lakini asubuhi ya Jumapili panakaa kama kijiji kikubwa kilichoamka bila haraka. Chapati, maharage ya nazi, mihogo ya kuchemsha, supu kwa wanaotaka supu. Mama muuzaji akituona tu huongeza chapati bila kuuliza, akiamini kwamba mtu mwenye gari hawezi kuamua kuja kwa baiskeli isipokuwa amefilisika. Tunakula, tunajaza maji, tunabana kila skrubu inayocheza. Hewa ni ya baridi kidogo kuliko ya mjini, unaisikia kwenye shingo iliyolowa. Ndiyo zawadi ya mita mia mbili na ushee ulizozilipia.

Sasa msitu. Hifadhi ya mazingira asilia ya Pugu na Kazimzumbwi inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kuingia ndani kuna utaratibu na kiingilio, na wenyeji watakuelekeza getini. Usipenye kwa njia za wakata kuni ukidhani ni ujanja. Mlinzi anayekukuta huko hana namna ya kujua kwamba wewe umekuja kutazama ndege.

Huu ni msitu wa pwani, jamii ya misitu iliyosalia vipande vipande kati ya Kenya na Msumbiji, na yenye viumbe visivyopatikana kwingine. Wataalamu wa mimea wametoa majina Baphia puguensis na Millettia puguensis kwa miti iliyotambuliwa kwa kilima hiki. Usiku anatembea komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anayejulikana kwenye misitu michache tu ya Tanzania. Mchana ana usingizi wake, hivyo sijamwona na siwezi kujidai. Nilichokiona ni sange, yule mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza na mgongo mweusi, akikatiza njia kwa miguu myembamba kana kwamba amechelewa mahali. Alisimama, akatuona, akatoweka kwenye majani makavu kwa kelele kubwa kuliko mwili wake. Hondohondo nao wanapita juu, na mabawa yao unayasikia kabla hujawaona.

Kuendesha humu ni kazi tofauti kabisa na lami. Njia ni ya udongo mwekundu mahali pagumu, na mchanga mtupu mahali palipo tambarare. Mchanga ndio mwalimu. Ukiingia nao kwa kasi na kushika usukani kwa nguvu, gurudumu la mbele linazama na wewe unaruka juu yake. Kinachosaidia ni kupunguza upepo wa matairi kidogo kabla ya kuingia, kuteremsha gia mapema, kurudisha uzito nyuma ya tandiko, na kuiacha baiskeli iyumbe inavyotaka mradi pedeli zisisimame. Mwenye matairi membamba ya mbio atakokota, na kukokota kwenye mchanga na jua la saa tano si adhabu ndogo. Mizizi nayo baada ya mvua huteleza vibaya. Ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiipande kwa pembeni.

Kuna sehemu mwanga unabadilika ghafla. Umetoka kwenye kivuli kizito, unakutana na vichaka vya kimo cha kifua, visiki, na duara jeusi ardhini ambapo tanuri la mkaa lilikuwa. Kazimzumbwi imekatwa sana miaka iliyopita, na mipaka yake imegombewa na makazi yaliyosogea kutoka upande wa Chanika. Hapo ndipo namkumbuka yule mzee wa magunia. Kumlaumu ni rahisi, hasa ukiwa umevaa kaptura ya baiskeli. Lakini gunia lile haliishii kwake. Linaishia kwenye majiko ya uwani kwetu, Buguruni na Tandale na Sinza, na kwenye mabanda ya chipsi ambayo mimi mwenyewe ni mteja wake mwaminifu. Gesi imeenea, ndiyo, lakini anayenunua mkaa wa kopo anaununua kwa sababu ana fedha ya chakula cha leo, hana ya kujaza mtungi. Kwangu hapo ndipo pa kuanzia, bei na ukubwa wa mtungi, kabla ya kumfukuza mtu na baiskeli yake barabarani.

Msitu una kazi nyingine ambayo jiji linaikumbuka mvua zikinyesha tu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini pale Daraja la Salenda. Humu juu ni kijito ambacho unakivuka kwa kuinua miguu yote miwili na kupiga kelele kama mtoto. Kule Jangwani ni maji yanayofunga barabara na kuhamisha familia. Katikati kuna mteremko ule ule tulioupanda asubuhi. Penye miti, mvua inapokelewa na majani, inaingia taratibu kwenye udongo na kutoka kidogo kidogo. Palipo na visiki inateremka yote kwa pamoja ikiwa imebeba mchanga, na mchanga huo ndio unaojaza mto kule chini. Mtu akikaa Upanga akaona msitu wa Kisarawe haumhusu, mwalike kwenye baiskeli siku ya baada ya mvua.

Kutokea Chanika ni kama kutoka usingizini kwa kumwagiwa maji. Ghafla kuna spika za muziki, mafundi seremala, vitanda vinavyopigwa vanishi kando ya barabara, wauza machungwa, viwanja vinavyouzwa kwenye kila bango. Hapa tunajaza tena upepo wa matairi. Mafundi baiskeli wa Chanika wana pampu za miguu zenye nguvu na ulimi wenye nguvu zaidi. Fundi mmoja aliigeuzageuza baiskeli ya mwenzangu, akauliza bei yake, akaambiwa, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama inakuja na shamba.

Kutoka hapo hadi Kajiungeni ni lami yenye vilima vidogo vidogo, na hivi ndivyo vinavyoumiza kuliko mlima mkubwa wa asubuhi, kwa sababu hakuna anayevihesabu. Miguu imeisha, jua liko utosini, malori ya mchanga yanapita yakikusukuma kwa upepo wake. Kaa kushoto, usivae spika za masikioni, na usishindane na bajaji. Sehemu hii siipendi na sitaipamba. Kama umechoka kweli, hakuna aibu kupakia baiskeli juu ya gari ndogo ya mizigo hadi Kajiungeni, wapo wanaokubali.

Baada ya Kajiungeni ni mteremko, na mteremko huu una masharti. Breki zijaribiwe kabla, siyo katikati. Zibane kwa vipindi, uachie, ubane tena, maana breki za mpira zinazobana rimu zikishikwa mfululizo hupata joto na kulegea. Angalia matuta, kuna yasiyopakwa rangi. Na anayepanda akiwa na mzigo, mpe njia.

Wakati mzuri ni kuanzia Juni, masika yakiwa yamekatika na njia za msituni zimekauka, hadi Oktoba kabla ya vuli. Machi na Aprili uache kabisa: udongo mwekundu unaganda kwenye matairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu, maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, na fedha taslimu ya getini na ya chapati. Mwambie mtu mjini njia unayopita, kwa sababu mtandao wa simu huko ndani unakuja na kuondoka unavyotaka. Na Gongo la Mboto, wakati wa kwenda, uipite kabla ya saa moja asubuhi.